Jiwe Lianzie Kwako

Jumatatu, 2 Oktoba 2006

Madam Nanjala amenipa daftari hili leo asubuhi, pamoja na funguo. Juu ya jalada ameandika kwa kalamu nyekundu: "Phylis. Yale hutapenda kuniambia kwa simu." Nikamuuliza, sasa kama sitaki kukuambia, nitakuandikia ya nini? Akasema, "Si mimi utakuwa unaniandikia. Mkubwa asiyeandika hujisamehe haraka."

Ameenda Kimilili kwa mama yake mgonjwa. Wiki tatu, labda nne, hajui. Na hata akirudi hatakuwa mkubwa wetu tena, vidole vyake vimeanza kupinda na akikanda mgongo mmoja analala na maumivu. Madam Waruguru, mwenye hoteli, ametuita wote na kusema wazi: mpaka Desemba funguo zikae kwa Phylis, halafu tutaona kama zitabaki hapo.

Basi nimeandika. Spa yetu inaitwa Maji Tulivu, iko nyuma ya hoteli, hapa Kitengela, vyumba vinne na kimoja cha mvuke. Tumebaki watatu. Mimi niliyeingia miaka mitatu iliyopita kufua mataulo, nikafundishwa kukanda na Madam Nanjala mwenyewe. Evalyne, wa kucha na miguu, ambaye mdomo wake haupumziki. Na Shirleen, miaka ishirini na miwili, mwenye diploma ya Nairobi na miezi sita hapa. Najua wengine wanauliza kwa nini si Shirleen. Hata mimi nauliza, lakini nazitaka hizo funguo. Mume wangu Mwololo yuko Namanga na kazi yake ya kusafirisha mizigo ya watu, anarudi mwisho wa mwezi, na watoto wananiangalia mimi.

Jumatano, 4 Oktoba

Beseni. Nilikuwa nimeamua sitafanya mambo ya beseni, nikaona nijaribu.

Kila asubuhi kabla ya kufungua, Madam Nanjala alikuwa anaweka maji ya uvuguvugu na chumvi, anatuosha mikono mmoja mmoja. Anasema anasoma. Ukiwa na hasira ataijua kwa vidole, atakutuma ukakunje mataulo kwanza. Mimi kwa siri nilikuwa naona ni kama tuko darasa la kwanza tunakaguliwa kucha.

Leo nikawaosha. Evalyne akasema, "Haya mama mchungaji, nisomee, nitapata mume lini?" Tukacheka. Shirleen alinyoosha mikono tu. Mikono yake ni laini kama ya Mumo, mtoto wangu mchanga. Sikusoma chochote.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mumo anaota meno. Nimelala saa mbili.

Jumatatu, 9 Oktoba

Jumatatu ni siku ya sheria ile nyingine. Mkubwa ndiye analala kwenye kitanda cha kwanza, na wafanyakazi wanamkanda yeye kabla ya mgeni yeyote. Mafuta mapya yanaanzia kwake. Taulo jipya linaanzia kwake. Na mawe ya moto, kila siku yakitolewa kwenye sufuria ya stima, jiwe la kwanza linawekwa kwa mkono wa mkubwa, ndani, pale juu ya kifundo ambapo ngozi ni nyembamba. Alikuwa anasema, "Jiwe lianzie kwako." Nilimsikia akisema hivyo mpaka nikaacha kumsikia.

Leo nimeruka kulala kitandani. Kulikuwa na wageni wawili wanangoja, na mimi nikilala chini siku hizi nalala kweli.

Nilishawahi. Mwaka jana, binti yangu Mutheu akiwa na surua, nilisinzia nikiwa nimeshika miguu ya mama mmoja wa benki, kichwa kikaanguka kwenye magoti yake. Yule mama aliita kwa hasira. Madam Nanjala akaingia, akasema, "Kosa ni langu. Nilijua mtoto wake ni mgonjwa na nikampangia kazi." Lakini hakujua! Sikuwa nimemwambia. Nilimwona kama mtu anayejua kudanganya vizuri wateja. Nikamshukuru, lakini kidogo nikamdharau.

Jumapili, 15 Oktoba

Mvua imeanza. Kanisani mama mmoja wa kwaya ameniuliza siku hizi nafanya kazi wapi. Nikasema kwa hoteli. Si uongo. Nikisema masaji, watu wa hapa wanafikiria vitu vingine.

Jumanne, 17 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mvua. Huu udongo mweusi wa Kitengela unavaa kiatu kabla yako. Natoka nyumbani na gambuti, viatu vya kazi niko navyo kwa karatasi, Mumo kwa mgongo mpaka kwa Mama Kisilu anayenishikia. Akilia nikiondoka sirudi nyuma. Nikirudi mara moja atajua kwamba kulia kunanirudisha. Lakini napita upande wa dirisha, nasimama mpaka anyamaze.

Shirleen amechelewa kwa sababu ya matope. Nikamwambia mbele ya Evalyne, "Kwa chuo hawakufundisha gambuti?" Akasema pole. Baadaye nilimwona akiosha mguu kwa maji baridi, kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino. Nilikuwa na plasta kwa mkoba. Sikuitoa.

Jumatano, 25 Oktoba

Madam Waruguru amekuja. Amependa. Sakafu inang'aa, mataulo yamepangwa, hakuna mgeni aliyerudishwa mlangoni wiki tatu. "Phylis, umeniondolea wasiwasi." Akatazama saa ya ukutani, akaniambia kuna mwalimu wa upande wa Kajiado, anaitwa Sanaipei, anataka kumleta mama yake mzee akandwe mgongo. Akifurahi, ataleta walimu wenzake ishirini shule zikifungwa. "Huyo mama usimkose."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Beseni siku hizi tunaliruka siku zingine. Hakuna aliyeuliza, hata Shirleen.

Jumapili, 29 Oktoba

Madam Nanjala amepiga simu. Mama yake hali chakula. Akaniuliza swali moja tu, "Wanakuambia?" Nikasema wananiambia nini? Akasema, "Haya," kredo ikaisha.

Ijumaa, 3 Novemba

Mwololo amekuja. Amelala mchana kutwa, Mumo juu ya kifua chake. Nyumba ikanuka mtu. Nimefurahi.

Jumanne, 7 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naanza asubuhi.

Mvua ilinyesha usiku wote na stima ikapotea. Sufuria ya mawe ni ya stima, ndiyo inaonyesha kiwango cha joto. Ilikuwa baridi kama kaburi. Saa nne Mwalimu Sanaipei akafika na mama yake, wote wamelowa mpaka magotini. Mama anaitwa Koko Resiato, ni mrefu, amekonda, shanga zake hakuzitoa hata moja. Nikamwamkia kwa Kimaa, "Takwenya, koko," yaani shikamoo, nyanya. Akasema, "Iko," akaniwekea mkono kichwani kama mtoto.

Evalyne akaninong'oneza, "Tumkande bila mawe, ama arudi kesho." Mimi nikawaza walimu ishirini. Nikawaza funguo. Nikasema, peleka mawe jikoni kwa hoteli, watie kwa sufuria, juu ya jiko la makaa.

Shirleen ndiye aliyeyaleta. Akasema, "Phylis, haya yamechemka kabisa. Tungojee kidogo." Saa zilikuwa zinaenda. Nguo yangu ilikuwa imelowa mbele kwa maziwa, Mumo hajanyonya tangu alfajiri, kifua kinauma mpaka kwapani. Nikatoa jiwe moja kwa kijiko, nikalishika kwa kiganja, nikalirusha mkono huu na huu kama mahindi ya kuchoma. Nikasema ni vuguvugu.

Akasema, "Kwa mkono wangu ni moto."

Nikamwambia, "Mkono wako ni wa diploma."

Evalyne alicheka. Shirleen hakucheka. Alifunga mawe kwa taulo jembamba akaingia chumbani. Mimi nikaenda chumba cha mataulo kujikamua.

Hivi ndivyo Shirleen alivyonieleza baadaye. Aliweka jiwe kubwa pale chini ya mgongo, akauliza, "Koko, si ni moto?" Koko akasema, "Sidai," yaani ni vizuri. Akaongeza mengine mabegani, madogo, hayo yalikuwa yamepoa. Akauliza tena. "Sidai oleng," vizuri sana. Uso wa Koko ulikuwa umeangalia chini kwa lile tundu la kitanda, hakuna mtu angeuona. Alipoinua lile kubwa, taulo likaja na ngozi.

Nilisikia Shirleen akiniita. Hakupiga kelele. Aliniita jina langu mara tatu, kila mara chini zaidi.

Jeraha ni la ukubwa wa mfuniko wa mkebe wa mafuta. Tukalimwagia maji safi ya baridi muda mrefu, Mwalimu Sanaipei akilia, Koko akimwambia kwa Kimaa anyamaze. Tukampeleka zahanati. Njiani Koko alikuwa amekaa wima, mkono kwa bakora, anaangalia barabara.

Jioni nilimwogesha Mumo. Nikamimina maji kwa beseni, nikaingiza kiwiko kupima, vile mama yangu alinifundisha na vile nafanya kila siku, bila hata kufikiria. Kiwiko kilikuwa ndani ya maji ndipo nikakumbuka. Maji ya mtoto wangu napima kwa kiwiko. Ya mgeni nilipima kwa kiganja kilichogeuza ugali na kuinua sufuria bila kitambaa tangu niwe msichana. Mkono wangu hausikii moto. Najua hausikii. Majirani wananiita niwatolee sufuria jikoni kwa sababu hausikii.

Jumatano, 8 Novemba

Madam Waruguru alifika kabla hatujafungua. Hakukaa. Aliuliza, "Nani aliweka jiwe?"

Shirleen akasema, "Ni mimi."

Halafu akaniangalia. Hakuniangalia kwa ubaya. Alikuwa ananingoja, kama mtu ameshika upande mmoja wa shuka anangoja ushike ule mwingine mkunje.

Madam akanigeukia. "Na wewe Phylis ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chumba cha mataulo."

Si uongo.

Evalyne alikuwa anaangalia kucha zake. Madam akasema basi, msichana aende nyumbani, na barua yake atatumiwa. Kwamba diploma si mikono. Shirleen alivua aproni, akaikunja mara nne vizuri, kona kwa kona, akaiweka juu ya meza mbele yangu. Akasema, "Sawa, mkubwa."

Tangu nipewe funguo hajawahi kuniita mkubwa.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimemwambia Mwololo kwa simu, yote. Nikasikia magari makubwa ya mpaka yakinguruma nyuma yake. Akasema, "Mama Mumo, nyamaza tu. Huyo msichana hana watoto. Atapata kazi Nairobi kesho." Aliyasema kwa upole. Anatupenda. Hiyo ndiyo inafanya iwe ngumu.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua. Tumekuwa wawili. Evalyne haniongeleshi isipokuwa kwa mambo ya mataulo. Nimeandaa beseni, akaniambia, "Nitajiosha mwenyewe leo."

Jumamosi, 11 Novemba

Mvua.

Jumapili, 12 Novemba

Mama ya Madam Nanjala amefariki jana. Nilipiga kumpa pole na nilikuwa nimeapa sitasema lingine. Nililia kabla yeye hajalia. Akaelewa si kwa ajili ya mama yake tu.

"Kuna nini hapo?"

Nikamwambia mgeni amechomeka na jiwe. Hakuuliza nani aliliweka. Akauliza, "Lilianzia kwa nani?"

"Kwa kiganja changu."

"Shirleen alisema nini?"

"Alisema ni moto."

Nilisikia watu wa matanga wakiimba, na kuku. Halafu akasema, "Phylis mwanangu, mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa nilipomvunja mtu bega, nikifanya kazi ya kunyoosha wagonjwa hospitalini. Alikuwa ananiambia inauma, na mimi nilikuwa najua zaidi. Unadhani hilo beseni ni la nini? Mikono yenu ilikuwa safi. Nilitaka kila asubuhi muwe mmenipa mikono, ndipo mtu akiwa na neno gumu, liwe limeshapata njia."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema yeye amefiwa, hawezi kunifanyia hilo. Hakusema kwa ukali.

Nimekumbuka ile siku ya mama wa benki. "Nilijua mtoto wake ni mgonjwa." Nilikuwa nadhani ni uongo wa kutuliza mteja. Sasa nafikiri alikuwa anasema kwamba ilikuwa kazi yake kujua.

Jumanne, 14 Novemba

Leo nimefunga Maji Tulivu, nikaweka karatasi mlangoni, nikaenda Kajiado. Mumo kwa mgongo, gambuti, mfuko wa sukari na majani ya chai. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Kutoka barabarani nilitembea karibu saa nzima, mbuzi wakinitazama kama mimi ndiye mjinga wa siku.

Mwalimu Sanaipei alinifungulia na hakunikaribisha. Ni Koko aliyesema kutoka ndani, niingie na mtoto asinyeshewe. Alikuwa amelala kwa tumbo, dawa ya zahanati kwa mgongo. Wiki nzima hajalala chali. Akaomba Mumo. Nikamweka pale kando yake, Mumo akaanza kuvuta shanga na Koko akamwachia.

Nikasema nilikuja kuomba msamaha.

"Yule msichana mwembamba yuko wapi?" Koko akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole. "Yule aliyeniuliza mara mbili."

"Amefukuzwa, koko."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya jiwe."

"Msichana aliuliza. Mimi ndiye nilisema sidai."

Binti yake akadakia, "Yieyo, mama yangu, na kwa nini ulisema hivyo? Ulikuwa unachomeka!"

Koko akamwangalia kama anayeulizwa kwa nini mvua ni maji. "Nilidhani ndivyo inavyofanywa. Umenilipia, umenileta mbali, watoto wa watu wameosha mikono. Niseme ni mbaya? Nimezaa watoto tisa ndani ya hii nyumba, hakuna jirani amewahi kujua saa kwa kunisikia." Halafu akaongeza, akimtazama Mumo, "Sisi hatukufundishwa kusema inauma. Sasa mnatuuliza kwa adabu, na nyinyi mnataka tujibu vipi?"

Hapo ndipo nikasema. Nikasema msichana alikuwa amejua ni moto, akaniambia, na mimi nikamcheka. Nikasema mkono uliopima ni huu. Nikaunyoosha. Koko akaushika, akaupapasa kiganja kwa kidole gumba, taratibu, mpaka nikamkumbuka Madam Nanjala. Akasema, "Huu ni mkono wa kazi. Hauna makosa. Lakini hauwezi kutumwa kuuliza moto."

Na Mwalimu Sanaipei, ambaye alikuwa bado amesimama, akasema, "Wenye spa wanajua hivyo?"

"Bado."

"Basi hujamaliza safari."

Alikuwa na haki. Aliniletea chai, lakini.

Jumatano, 15 Novemba

Nimeenda kwa Madam Waruguru ofisini kwake juu ya hoteli, nikiwa nimeshika funguo mkononi ili nisije nikarudi nazo. Nikamwambia. Nilimwambia pia kwamba aliuliza nani aliweka jiwe, na nikafurahi kwamba ameuliza hivyo, kwa sababu swali hilo halikunigusa.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Kilichomkasirisha zaidi ni kwamba nilimfanya amfukuze mtu bure, mbele ya watu. "Umenifanya mimi niwe mbaya, Phylis." Nikasema ndiyo. Akachukua funguo, akazipima kwa mkono kama anauziwa. Akasema niende nyumbani mpaka nisikie kutoka kwake.

Nikapitia kwa Shirleen, anakaa na kaka yake karibu na soko. Alikuwa anafua. Sikuwa na maneno mazuri. Nikasema, "Nimemwambia Madam. Ulisema ni moto na ni mimi nilisema sivyo. Nilipaswa kusema siku ile."

Akaendelea kufikicha kola ya shati. "Unajua kilichoniuma? Si kazi. Nilipokuita mara tatu, uliingia ukamwangalia Koko, ukaangalia jiwe, ukaniangalia mimi. Nikajua saa hiyohiyo utanyamaza."

"Ulijuaje?"

"Kwa sababu hukuuliza."

Akakamua lile shati, akalianika. Akasema, "Aki Phylis, na hiyo gambuti yako imepasuka." Nikaangalia chini, kweli, imepasuka pembeni, soksi iko nje. Sijui ni nani alianza kucheka. Hakikuwa kicheko cha kusameheana. Gambuti ilikuwa tu imepasuka.

Ijumaa, 17 Novemba

Nyumbani. Nimemwambia Mwololo. Amesema, "Haya. Basi tutabanana." Baada ya muda akapiga tena, akasema hata yeye hangelala kama ningenyamaza.

Jumapili, 19 Novemba

Yule mama wa kwaya ameniuliza tena, bado niko kwa hoteli? Nikasema, "Nafanya masaji, mama. Nakanda watu migongo. Kama bado niko na kazi." Akarudi nyuma kidogo. Halafu akainama akaniambia goti lake halijapinda vizuri tangu Pasaka.

Jumatano, 22 Novemba

Madam Waruguru ameniita. Funguo amempa Shirleen. Mimi nimerudi kama mkandaji, na kwa miezi mitatu siruhusiwi mawe. Aliniambia ni Shirleen aliyeomba nirudi. "Sijui kwa nini," akasema, "mimi singeomba."

Jumatatu, 27 Novemba

Asubuhi nimemkuta Shirleen amelala kwenye kitanda cha kwanza, Evalyne anamkanda na kulalamika, "Mkubwa gani huyu mifupa mitupu, nitajikata." Shirleen akasema bila kuinua kichwa, "Evalyne, bega la kushoto unabonyeza sana." Evalyne akapunguza. Nikasimama mlangoni nimeshika aproni yangu.

Halafu beseni. Nilijua atafika kwangu. Alinishika mikono, akaiosha taratibu, kidole kwa kidole. Ni mkali huyu msichana, haniangalii usoni bado. Akafika kwa kiganja, akasimama pale. Akasema, "Leo anza na mataulo." Nikaenda kukunja mataulo. Ni kweli, nilikuwa na hasira, na sikuwa nimejua mpaka aliposema.

Alhamisi, 30 Novemba

Mvua. Mumo amesimama akishika kiti. Sekunde tatu.

Jumatano, 6 Desemba

Mume wa mtu amekuja akiuliza kama kuna "masaji kamili". Shirleen alitoka kwa kaunta mwenyewe, akampeleka mpaka nje kwa heshima, akamwonyesha barabara. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha wageni. Nikamletea chai. Tulikunywa pamoja.

Jumapili, 10 Desemba

Nimeongea na Madam Nanjala. Haji tena, atabaki Kimilili kulima shamba la mama yake. Nikamwambia funguo ziko kwa nani. Akasema, "Na daftari?" Nikasema niko nalo. "Endelea nalo," akasema, "hukupewa kwa sababu ya funguo."

Jumatatu, 18 Desemba

Jua kali leo, matope yamekauka na kupasuka kama vigae.

Saa tano Koko Resiato akaingia. Peke yake, na bakora. Evalyne alisimama kwa ghafla akamwaga maji ya kucha. Shirleen akaenda kumpokea, akamwinamishia kichwa. Koko akamwekea mkono, halafu akaangalia nyuma yake, akanyoosha bakora kuniashiria.

"Nataka yule. Na mawe."

Shirleen akasema, "Koko, huyu bado hajaruhusiwa."

"Nimetoka Kajiado."

Shirleen alifikiri. Nikaona akifikiri, hakuharakishwa na mtu. Akasema, "Basi nitasimama hapo nanyi." Stima ilikuwa iko. Akatoa jiwe kutoka kwa sufuria, akalilaza kwa mkono wake, ndani, juu ya kifundo, akahesabu kimoyomoyo. Kisha akanipa. Nikalilaza kwa wangu, pale pale. Ngozi ya hapo inasikia. Miaka yote hii nilikuwa nayo.

Koko alilala. Kovu lake limekuwa la rangi ya waridi, linang'aa, limejikunja pembeni. Nikaweka jiwe juu zaidi, mbali na kovu, kwenye taulo lililokunjwa mara mbili. Nikachuchumaa chini mpaka uso wangu ukawa karibu na lile tundu la kitanda, nikayaona macho yake.

"Koko, ni moto?"

Nilisikia pumzi yake. Shirleen alikuwa amesimama mlangoni hajasogea. Mtu aliyekuwa akifagia uwanja nje aliacha, akaanza tena.

"Koko. Kama ni moto, niambie."

Niliona midomo yake ikianza kutengeneza lile neno lake la siku zote. Ikasimama. Akafumba macho, kama mtu anayeweka mguu kwa mto asioujua kina.

"Ni moto," akasema. "Kidogo."

Nikaliondoa. Nikaliweka kando juu ya taulo, nikakaa palepale chini sakafuni, tukangoja lipoe.